Saa ya mama sikuigusa

Mama alipopata safari ya London kwenda kumtazama mjukuu, swali lake kwangu lilikuwa moja: "Nitakaa huko juu masaa mangapi?" Nikamjibu harakaharaka, manane na kidogo. Nilizigawa tu kilomita 7,400 za kutoka Unguja hadi London kwa mwendo wa ndege, kama kilomita 900 kwa saa.

Kumbe tiketi yenyewe inapitia Doha. Kilomita 3,750 mpaka hapo, kisha 5,200 na ushei. Jumla karibu 9,000, na kusubiri hakumo.

Mama aliposhuka botini kutoka Pemba, tukakaa barazani na tiketi. Kuondoka Ijumaa 17:30, Doha 23:15. Kuondoka Doha 01:30, London 07:00. Ukihesabu kwa vidole unapata masaa kumi na tatu na nusu, lakini hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu kila mji umeandikiwa saa zake. Doha ni sawa na sisi. London iko nyuma yetu, kwa hiyo lazima uongeze tofauti. Nikaongeza matatu.

Nilichokihofia zaidi ni ile 01:30. Ni usiku wa Ijumaa au wa Jumamosi? Mama akanicheka. "Magharibi ikishaingia, si Jumamosi hiyo?" Na tiketi nayo inasema Jumamosi.

Nikakata kipande cha boksi la majani ya chai, nikaandika kwa saa zetu: kumi na moja na nusu jioni, tano na robo usiku, saba na nusu usiku. 17:30 hazimwambii kitu mama. Yeye akakigeuza, akayanakili yote kwa khati za Kiarabu, maana ndizo anazosoma bila miwani. Mstari wa mwisho ulikuwa wa dawa yake ya presha, ambayo huimeza saa tatu asubuhi. Kwa hesabu yangu ndege ingetua saa nne, kwa hiyo niliandika: "Dawa: bado uko angani."

Usiku nikampigia kaka, nikamsomea. Akanikatiza. "Matatu ni ya wakati wa baridi. Huku saa zimeshasogezwa mbele tangu Jumapili ya mwisho ya Machi. Sasa ni mawili." Tiketi niliikata Februari, safari ni Aprili, na mimi bado niko na hesabu ya Februari! Basi safari nzima ni masaa kumi na matano na nusu, na ndege inatua saa tatu kamili ya kwetu. Nikaufuta ule mstari. Saa yake ya mkononi nikamwambia asiiguse mpaka afike nyumbani kwa kaka.

Jumamosi mchana alinipigia. Dawa aliimeza kwenye foleni ya pasi, kwa maji aliyobakisha ndani ya ndege. Kisha akauliza kama nimemwagilia mchaichai wake.