Hofu Iliisha Kabla ya Vidonge

Watu wakisikia niliacha sigara baada ya mshtuko wa moyo, karibu wote husema neno moja: "Ulitishika." Mara nyingi naliacha lipite, maana kueleza kunachosha. Ila hapa hakuna wa kunikatiza, basi nieleze. Kutishika nilitishika, tena vibaya sana. Lakini si hofu iliyonitoa kwenye sigara. Hofu ilinikamata wodini, ikanisindikiza mpaka nyumbani, na vidonge vya kuzuia damu isigande vilipokuwa havijafika hata nusu, yenyewe ilikuwa imeshaniaga.

Mimi ni fundi seremala. Kwa miaka mingi nilifanya kazi na penseli sikio la kulia, sigara sikio la kushoto. Wateja walinitania kwamba siku moja nitachorea mbao kwa sigara na kuwasha penseli. Nilikuwa na tabia moja ambayo nadhani mafundi wenzangu wataielewa. Nikimaliza kuunga kitu, iwe droo, mguu wa meza au fremu ya dirisha, narudi nyuma hatua mbili, nawasha, naitazama kazi. Pafu la kwanza naangalia pembe. La pili naangalia kama mlango umekaa sawa. Sigara ikiisha nimeshajua kama kazi inatoka au inarudi benchi. Naitaja tabia hii mapema kwa sababu ilikuja kunisumbua kuliko nikotini yenyewe.

Ugonjwa nitausema kwa kifupi. Maumivu yalianzia kwenye taya, nikadhani ni jino. Yakashuka kifuani, nikadhani ni kiungulia. Jasho la baridi lilipoanza kunitoka na mkono wa kushoto ukawa mzito, kijana ninayemfundisha kazi hakunisikiliza tena, akatafuta gari. Hospitali walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, wakaufikisha mpaka kwenye moyo, wakapanua palipoziba na kuacha ndani kijibomba cha wavu kinachoitwa stenti. Nilikuwa macho muda wote. Kwenye skrini niliuona mshipa wangu mwenyewe, umeishia njiani pasipo sababu ya kuishia, kisha damu ikapita.

Kilichonishangaza ni kwamba ni moyo. Katika uvutaji wangu wote nilikuwa nayaogopea mapafu. Nikikohoa nilisikiliza, nikipanda ngazi nilijipima. Moyo sikuwahi kuufikiria. Daktari alinieleza akiwa amesimama miguuni pa kitanda, faili kwapani. Moshi, alisema, huharibu utando wa ndani wa mishipa na kuifanya damu iwe rahisi kuganda. Kaboni monoksaidi iliyomo ndani yake huzing'ang'ania chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo hewa inayoufikia moyo inapungua. Na wakati huohuo nikotini inauamuru moyo uende mbio. Nikamwambia hiyo ni kumwongezea fundi oda huku unamnyima mbao. Akacheka, akasema atautumia mfano huo kwa wagonjwa wengine. Kisha akaacha kucheka, akaniambia kwamba mtu aliyepata mshtuko wa moyo akiacha sigara, uwezekano wake wa kufa mapema hupungua kwa takriban theluthi moja ukilinganisha na anayeendelea kuvuta.

Nikaapa. Nani haapi pale? Niliapa mbele ya mama watoto, nikaapa mbele ya binti yangu, na shemeji alipokuja kunitazama, nguo zikinuka sigara mbichi, kichefuchefu kilinishika mpaka nikageukia ukutani. Nikajiona nimeshapona ulevi. Arosto ya siku za mwanzo, yaani mateso ya mwili ulionyimwa nikotini, ile kali inayofika kileleni siku ya pili au ya tatu, niliimalizia kitandani na dripu mkononi. Nilikosa usingizi, nilikuwa na hasira, kichwa kilinigonga, na sikujua kipi ni arosto na kipi ni ugonjwa. Kama kuna njia ya kukwepa arosto, hiyo ni mojawapo, ingawa simshauri mtu.

Nyumbani nikakuta binti yangu amefanya usafi. Viberiti vimeondoka, visahani vya majivu vimeondoka, pazia zimefuliwa. Wiki za mwanzo sikuhangaika. Nilikuwa dhaifu, nikitembea mpaka getini nakaa chini, na mwili dhaifu hauna hamu ya kitu. Watu wakanisifu. "Hongera, mzee, umeweza." Nikazipokea hongera hizo bila aibu.

Kisha nikaanza kupata nguvu. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna aliyenionya: afya iliporudi, hamu ilirudi nayo. Kadiri kifua kilivyonyamaza, ndivyo wodi ilivyokuwa mbali, na ndivyo nilivyoanza kukumbuka pafu la jioni. Kile kichefuchefu cha siku ya shemeji nilikitafuta, sikukiona. Nilijaribu hata kujitisha kwa makusudi, nikaukumbuka ule mshipa kwenye skrini. Haikusaidia. Picha niliiona, lakini moyo haukustuka.

Siku niliyorudi karakana nilianza na kazi nyepesi, droo moja ya kabati. Nikaiunga, nikaipiga msasa, nikaisukuma mahali pake ikaingia bila kelele. Nikarudi nyuma hatua mbili. Mkono ukapanda sikioni wenyewe.

Sikio lilikuwa tupu, lakini kichwa kilikuwa kimeshakumbuka. Binti alisafisha nyumba, karakana hakuna aliyeigusa. Juu ya rafu, nyuma ya kopo la skrubu, palikuwa na pakiti yangu. Nikaishusha. Sigara zimekauka, vumbi la mbao limeshika kwenye vichungi. Nikaketi juu ya benchi na moja mkononi, nikaanza kupiga hesabu, maana sisi watu wa futi na milimita tunapenda hesabu. Nilikuwa navuta pakiti nzima kwa siku, sigara ishirini. Nikivuta moja tu, jioni, baada ya kazi, nimepunguza mara ishirini. Madhara yamebaki sehemu moja ya ishirini. Nani atanilaumu?

Hesabu safi kabisa. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimeshasikia inakovunjikia. Mwaka 2018 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti 141, ukauliza swali langu hilohilo: anayevuta moja kwa siku, hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni kiasi gani ukilinganisha na anayevuta ishirini? Jibu si moja ya ishirini. Hatari ya ziada inakaribia nusu. Moyo haugawanyiki kwa hesabu ya pakiti. Moshi kidogo tu unatosha kuiamsha damu igande na mishipa ikaze. Binti ndiye aliyenisomea kwenye simu nikiwa bado kitandani, nami nikaitikia "ehe" ya mtu anayetaka alale. Pale benchini ikanirudia neno kwa neno.

Nikakumbuka pia kwamba si mara yangu ya kwanza kutafuta mlango wa nyuma. Huko nyuma niliwahi kuhamia zile zilizoitwa nyepesi. Zina vitundu vidogo kwenye kichungi vya kuchanganya moshi na hewa, na mashine ya kupimia inasoma moshi mdogo kweli. Ila mashine haina vidole. Sisi tunaovuta tunaviziba vile vitundu kwa vidole na midomo bila kujua, na tunavuta kwa nguvu zaidi mpaka mwili upate kipimo chake.

Basi nikakaa. Kifua hakiumi, jua linaingia mlangoni, droo imekaa vizuri, siogopi chochote. Nikajiuliza: nikiwa mzima hivi, bila daktari, bila wa kunililia, naitaka hii sigara? Naitaka. Naitaka sana. Na hapo nikaelewa kwamba wodini sikuamua lolote. Wodini niliacha kitu ambacho siku ile sikukitaka, na kuacha usichokitaka hakuhitaji uamuzi. Huu ndio ulikuwa wakati wa kuamua, nikiwa naitaka na hakuna kinachonizuia. Palikuwa na ndoo ya gundi iliyobaki, imeanza kuwa nzito. Nikazivunja zote humo ndani, nikakoroga kwa kipande cha ubao mpaka hakuna wa kuziokoa, hata mimi usiku wa manane.

Kesho yake nilikwenda kliniki bila kuitwa. Nikamwambia daktari kwamba naitaka bado, nisaidie. Alipotaja plasta za nikotini nilimkatalia. Si wewe mwenyewe uliyesema nikotini inaukimbiza moyo? Akanieleza kwa subira. Nikotini ya sigara hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde zisizozidi 20, kwa mkupuo, na mkupuo huo ndio unaomfunga mtu. Ya plasta hupenya kwenye ngozi polepole, kwa saa nyingi, na haiji na moshi wala kaboni monoksaidi. Kwa hali yangu, alisema, sigara ndiyo ya kuogopwa. Shirika la Afya Duniani limeziweka dawa za aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Kuna vidonge pia vya kupunguza hamu, ila tukakubaliana tuanze na plasta, na chingamu ya nikotini kwa saa ngumu. Mwenye ugonjwa wa moyo asijiandikie mwenyewe. Nilipimwa kwanza, ndipo nikapewa.

Kuna jambo moja ningependa wengi walijue. Baada ya muda mikono ilianza kutetemeka, usingizi haukai, moyo unadunda. Nikaamini stenti imeleta shida. Daktari akaniuliza nakunywa kahawa kiasi gani. Kiasi kilekile cha siku zote, nikamjibu, na ndipo akanieleza: moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na kikombe kilekile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Nilikuwa najilewesha kahawa na kuisingizia arosto. Nilipopunguza vikombe, mtetemeko ukaisha. Najiuliza ni wangapi wamerudi kwenye sigara kwa ajili ya kahawa.

Kikohozi kiliongezeka kabla ya kupungua, kwa kuwa vile vinyweleo vya kwenye njia ya hewa vinavyosukuma makohozi nje vilikuwa vimelemazwa na moshi, na vikiamka vinaanza na kiporo. Uzito umepanda, mkanda umehama tundu, sina la kusema zaidi. Pua imerudi. Msonobari ukipasuliwa sasa nauhisi kutoka nje ya mlango, na nimegundua kwamba vanishi ninayotumia inanuka vibaya kuliko nilivyodhani.

Ile tabia ya kurudi nyuma hatua mbili ilikuwa ngumu kuliko vyote. Plasta haina dawa ya mkono. Nilijaribu peremende, nikajaribu kutafuna penseli, mwishowe nikaanza kushika skwea. Naunga, narudi nyuma, kisha badala ya kusimama naisogelea kazi na skwea mkononi, napima kona moja baada ya nyingine. Hamu ikija haikai sana, dakika chache, na kona nne za droo zinatosha kuimaliza.

Shemeji bado anavuta. Hunitembelea karakana, anatoka nje kuvuta, mimi simfuati na simhubirii. Siku moja alisema ameshachelewa, kwa umri wake kuacha ni kupoteza starehe bure. Nikampa habari za Richard Doll, yule mtafiti wa Uingereza ambaye mwaka 1950, pamoja na Austin Bradford Hill, alionyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha matokeo yalipoanza kumjia, akafariki mwaka 2005 akiwa na miaka 92. Mwaka 1951 yeye na Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, na miaka 50 baadaye hesabu ikatoka: wavutaji walikufa mapema kwa takriban miaka 10 kuliko wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata mitatu, wa 50 sita, wa 40 tisa, wa 30 karibu yote kumi. Mimi nimo kwenye safu ya waliopata miaka sita. Shemeji akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akatoka nje kuvuta. Wiki hii ameniuliza plasta zinakaa upande gani wa bega. Hajanunua, na sijamuuliza.

Anayelalamika waziwazi ni kijana wangu wa kazi. Anasema tangu niache sigara nimekuwa msumbufu, kila kiungo nakipima, zamani nilikuwa natazama kwa mbali na kusema "safi." Juzi nimemrudishia droo kwa sababu ya milimita mbili. Nikamsikia akimnong'oneza shemeji kwamba enzi za moshi fundi alikuwa na huruma. Droo ameirudia.