Rangi ya Mafuta Haitaki Haraka: Ninavyopanga Tabaka za Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, ambaye mtindo wetu wa uchoraji umepewa jina lake, alipoanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupakia milango na baiskeli, juu ya silingibodi ya futi 2 kwa 2. Bodi nzima ya futi 8 kwa 4 hutoa vipande 8 bila kubakiza kitu. Alifariki mwaka 1972, lakini masharti ya rangi ile ndiyo yanayotuongoza hadi leo. Wajuzi wa sanaa husifu nukta zetu kama mapambo. Sawa, ila rangi hii ikishashika haichanganyiki tena juu ya picha, kwa hiyo kivuli kwenye manyoya ya kanga utakipata kwa nukta au usikipate kabisa.

Siku hizi wengi tunachora juu ya marekani, kitambaa cha pamba, kwa sababu mgeni anataka picha ya kukunja na kutia begini. Mimi hulowanisha kitambaa kwanza kisinywee baadaye, nakikaza kwenye fremu kwa stepla, kisha napaka rangi nyeupe ya maji mikono miwili, yaani mara mbili, na kupitisha msasa laini. Mkono mmoja hautoshi: mafuta hupenya, nyuma ya kitambaa hutokea madoa na mbele mng'ao hufifia.

Mandhari ya nyuma ndiyo sehemu pekee inayodai mbio. Njano chini, nyekundu katikati, nyeusi juu, na kwenye maungio napitisha brashi pana kavu kushoto kulia rangi ingali mbichi. Ukichelewa, brashi inaanza kuburuta na kuacha michirizi.

Baada ya hapo, subira. Kiangazi nalaza picha usiku mzima. Masika, siku mbili au zaidi. Nabonyeza dole gumba pembeni: likinata au likiacha alama, siigusi. Rangi hii hukauka kwa kuvuta hewa, hivyo hutanguliza ngozi juu huku ndani kungali kubichi. Ukipaka nzito, au ukiongeza tabaka mapema, ngozi hiyo inavimba na kufanya makunyanzi, na hakuna dawa isipokuwa kukwangua.

Kulainisha natumia tapentaini, matone machache tu. Thina kali ya kupulizia magari hung'oa tabaka la chini. Mafuta ya taa ni ya kuoshea brashi. Ukiyatia ndani ya rangi itachelewa kukauka na kupoteza mng'ao.

Nukta napiga kwa njiti ya kiberiti. Rangi iwe nzito kiasi cha kudondoka polepole. Nyepesi hutambaa, nzito mno huacha mkia. Kwa chui naanza na madoa makubwa, yakikauka ndipo naweka nukta ndogo katikati. Kopo lenye vibonge vya ngozi nalichuja kwa soksi ya nailoni, vinginevyo kila nukta itakuwa na kipele.

Kabla ya kukunja naacha picha wiki nzima ipigwe na hewa. Naizungusha kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na karatasi katikati. Nailoni hapana, kwenye joto la Dar inagandamana na rangi. Mteja namwambia asiifungie gizani miezi mingi, maana nyeupe hugeuka manjano. Ikishageuka, akiitundika penye mwanga wa kutosha, sehemu kubwa ya umanjano huo huondoka.