Muigai yupi? Majina ya kurithi na ya utani katika kutafuta nasaba

Ukitafuta nasaba ukiwa Nairobi, vyeti vya kuzaliwa havitakupeleka mbali. Usajili wa lazima wa vizazi vya Waafrika ulianza 1963, ukaenea nchi nzima kwa awamu hadi 1971. Kabla ya hapo kuna daftari la ubatizo na vinywa vya wazee, na jina moja linaweza kuwa la watu sita.

Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama. Mabinti nao huitwa nyanya zao kwa mpangilio uo huo. Tazama nyumba ya Mzee Jomo Kenyatta. Babake alikuwa Muigai, mamake Wambui. Grace Wahu akamzalia Peter Muigai na Margaret Wambui, yule aliyekuja kuwa meya wa Nairobi. Miaka mingi baadaye Mama Ngina akazaa Christine Wambui na Uhuru Muigai, kisha Nyokabi na Muhoho, majina ya wazazi wake yeye mwenyewe. Kila mke huanza hesabu upya. Kwa hiyo ukikuta akina Muigai wawili wa baba mmoja, karani hakukosea, na usiwaunganishe wakawa mtu mmoja. Andika jina la mama wa kila mtoto kabla ya jambo lingine lolote.

Mzee mwenyewe alikuwa Kamau wa Ngengi utotoni (Ngengi alikuwa ami yake), akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Kenyatta lilitokana na mshipi wa shanga aliokuwa akiuvaa, na ndilo wanalobeba wajukuu wake leo. Anayewatafuta kwa jina la Kamau hatawaona.

Ndiyo maana ukimuuliza mzee "jina kamili la marehemu ni lipi?" atakupa la ubatizo, nawe utakwama. Uliza rika lake walimwitaje, shemeji zake walimwitaje, na kazini je: reli, jeshi, shamba la mzungu. Kisha uliza nani alianza kumwita hivyo, kwa sababu lakabu nayo hurithiwa. Mjukuu aliyepewa jina la babu mara nyingi huitwa na lakabu ya babu, na habari za wawili hao huchanganyika kwa urahisi mno.

Tanzia za magazetini ni hazina ambayo wengi huipita. Hutaja wazazi, wake, ndugu, watoto na wakwe, hai na marehemu, na aghalabu lakabu pia. Vijitabu vya mazishi ni bora zaidi. Viombe kwa shangazi, maana wao ndio huvitunza.

Usipeleke kanuni ya Wakikuyu kwa wengine. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku, Okoth wakati wa mvua. Majina hayo peke yake hayakwambii babu yake ni nani. Lakini Okello humfuata pacha. Ukiwa na Okello na huna Opiyo na Odongo, au Apiyo na Adongo, juu yake kwenye orodha, uliza kwa upole: huenda pacha walifariki wachanga na hakuna anayewataja. Kwa Wakalenjin, kiambishi cha jina la baba hudondoka baada ya arap: mwana wa Kipkoech ni arap Koech, na Toroitich mwana wa Kimoi akawa Daniel arap Moi. Tafuta kwa sura zote mbili.

Tahajia nayo ina mitego. Irabu za Kikuyu ĩ na ũ ziliandikwa kila karani alivyosikia, hivyo Wanjirũ anaweza kuwa Wanjiru au Wanjiro, na Mũthoni akawa Mothoni. Jaribu i na e, u na o, kisha r na l. Nakili jina kama lilivyo kwenye daftari, hata kama unajua limekosewa, na uweke tahajia yako kando yake. Chini yake andika aina ya jina (la kuzaliwa, ubatizo, utani, la mume), nani alilitumia, umelitoa wapi, na la mwaka gani. "Mama Njoroge" pia ni jina. Liandike, kisha uulize Njoroge yupi.