Joto Kwanza, Chakula Baadaye

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masomo ya wiki hii ni Mithali 12:10 na Marko 5:35–43. Yasomeni kabla ya kuendelea, hasa lile la Marko.

Wengi mmeshasikia habari za kijana wetu wa kwaya hapa Tabora na chatu wake anayeumwa, na maswali yamenifikia. Inakuwaje mtu aliyeokoka akeshe na nyoka? Na inakuwaje mzee wa kanisa naye aende kumtazama? Ni kweli nimekwenda, na nitakwenda tena. Chatu yule anafugwa kwa kibali, maana ni mnyamapori, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumwokota porini na kumweka ndani kwake. Nalisema hili mapema, asije kijana mwingine akaenda kutafuta wa kwake kwenye miombo.

Najua pia hofu iliyo nyuma ya maswali hayo. Sisi ni watu wa Unyamwezi. Babu zetu waliwajua Wayeye, wacheza na nyoka wenye dawa zao na miiko yao, na wapo wanaoogopa kwamba mlango ule unafunguliwa tena. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini someni 2 Wafalme 18:4. Hezekia aliivunja ile nyoka ya shaba kwa sababu watu walikuwa wakiifukizia uvumba. Kijana wetu hafukizi kitu. Anabadilisha maji, anasafisha kinyesi, ananawa mikono kwa sabuni kila amshikapo, maana nyoka hubeba vijidudu vya kuharisha. Na wanaotaja Mwanzo 3 nawaomba wafike sura ya 6, mstari wa 20, pale Nuhu anapoambiwa aingize safinani na kila kitambaacho. Mungu aliyetamka laana ndiye aliyekitengea kiumbe hicho nafasi kwenye safina. Zaburi 145:9 inasema rehema zake zi juu ya kazi zake zote, na sioni mahali ambapo nyoka ametolewa.

Sasa nije kwenye ugonjwa wenyewe, kwa sababu humo ndimo nilimopata somo.

Mji wetu uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 15. Sisi tunajifunika blanketi, mwili unatunza joto lake. Nyoka hatengenezi joto la kumtosha kama sisi. Analipokea kutoka jua, jiwe, au mahali alipolala. Chatu anayefugwa huhitaji upande mmoja wa sanduku lake ufike nyuzi 30 hivi, na upande wa pili uwe na ubaridi kidogo, ili achague mwenyewe. Umeme ulipokatika mfululizo na balbu ikazimika, akabaki kwenye ubaridi wa saruji, na mapafu yakashambuliwa. Akawa anapumua kinywa wazi, kichwa amekiinua juu, na ute mzito unatoka puani. Jambo lililonigusa sana nililielezwa na daktari wa mifugo: nyoka hana ule msuli ulio chini ya mapafu yetu, kwa hiyo hawezi kukohoa kwa nguvu akautoa uchafu. Unabaki humo humo. Anaumwa kifua na hana hata namna ya kukohoa.

Habari zikaenea, na mama mmoja wa kanisani akaja na kifaranga. Alikitoa katika kuku wake mwenyewe, na mnajua kuku ni nini kwa mama mjane. Akasema, "Mwanangu, mpe ale apate nguvu. Mgonjwa asiyekula anakufa." Kijana akapokea salamu zake, akamkalisha, akamwambia, "Mama, asante sana, Mungu akubariki. Lakini nikimlisha leo nitamuua."

Mama yule hakuelewa, na mimi pia nilihitaji kuelezwa. Nyoka mwenye mwili wa baridi tumbo lake halisagi. Chakula hukaa humo kikaoza, au hukitapika, na kutapika kunamnyang'anya maji na nguvu ile kidogo aliyobaki nayo. Na ukimpa mnyama hai, panya kwa mfano, naye nyoka hana nguvu ya kujitetea, panya ndiye atakayemtafuna. Chatu mkubwa mwenye afya hukaa miezi bila kula na asidhurike, kwa hiyo njaa siyo hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni baridi, inayofuata ni ukosefu wa maji. Basi kazi ya kijana ikawa kupasha moto: chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa khanga umeme unapokatika, na balbu iliyozungushiwa wavu unaporudi, kwa sababu nyoka huweza kujibana kwenye kitu cha moto akaungua asijiondoe. Beseni la maji ya uvuguvugu, yasiyozidi kimo cha mwili wake, alowe na anywe. Kitambaa juu ya kioo ili asisumbuliwe na watu. Sindano anachoma daktari, katika nyama ya nusu ya mbele ya mwili, na dawa nyingine kwa nyoka hutolewa mara moja tu kila siku tatu, maana mwili wake huiachia polepole. Mwili ukiwa baridi hata dawa hiyo haifanyi kazi yake vizuri.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya uuguzi huu ni kujizuia. Kuna saa nzima za kukaa tu na kutazama kipimajoto. Kijana aliniambia hilo ndilo linalomchosha kuliko kuamka usiku: mkono unataka kufanya kitu, unataka kumshika, kumgeuza, kumfungua kinywa, na kila mara lazima auzuie. Nyoka hamjui kama mbwa anavyomjua bwana wake. Hatatikisa mkia. Anayemtunza hawezi kupima huruma yake kwa shukrani, anaipima kwa pumzi ya mgonjwa.

Hapo ndipo Mithali 12:10 iliponishika. Sulemani anasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake, kisha anasema huruma za mwovu ni ukatili. Mama yetu si mwovu, hasha. Sadaka yake Mungu ameiona. Lakini huruma isiyomjua inayemhudumia yaweza kufanya tendo lile lile la mwovu. Ili uujali uhai wa mnyama, lazima kwanza uujue uhai wenyewe: unaishi kwa nini, unakufa kwa nini. Nadhani tumehubiri sana juu ya kuwa na moyo wa huruma, na kidogo mno juu ya kujifunza.

Tazameni Bwana wetu nyumbani kwa Yairo. Anakuta ghasia, watu wanalia na kuomboleza sana. Hawa ni majirani waliokuja kwa huruma, ndivyo msiba ulivyo hata kwetu. Yesu anawatoa nje wote. Anabaki na baba, mama, na wale aliokuja nao. Chumba kinakuwa kimya. Anamshika mkono binti, binti anainuka, anatembea. Na chakula? Kipo, Yesu hakukisahau, lakini kinakuja mwisho, mstari wa 43: akaamuru apewe kula. Eliya naye chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, malaika hakumkemea wala kumhoji. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha tena ale. Kwake Eliya chakula ndicho kilichohitajika kwanza, na hotuba ikasubiri hadi Horebu. Rafiki za Ayubu walikuwa wauguzi wazuri kwa siku saba, walipokaa naye chini bila kusema neno. Madhara yalianza walipofungua vinywa.

Wapendwa, tunaye mzee wetu hospitalini, mnajua wote. Nimeona Jumapili iliyopita tulivyojaa kando ya kitanda, kila mtu na chupa yake ya uji, kila mtu na ombi lake refu, na yeye akijitahidi kutuitikia mpaka jasho likamtoka. Tulikwenda kwa upendo. Wiki hii naomba twende wawili wawili, tumuulize muuguzi kwanza anaruhusiwa kula nini, na tusikae muda mrefu. Maombi mengine tuyafanyie nyumbani, Mungu anasikia kutoka huko. Anayetaka kupeleka kitu, shuka safi na sabuni vinahitajika kuliko uji.

Jambo moja pembeni, lakini zito: tafakari hii isimfanye mtu yeyote amsogelee nyoka asiyemjua. Vifutu na koboko wapo kwenye mashamba yetu ya tumbaku. Aliyeumwa apelekwe hospitali saa ile ile, asikatwe chale, asifungwe kamba, asicheleweshwe kwa maombi. Mwombeeni mkiwa njiani.

Chatu hadi leo hajala. Ute umepungua na anapumua kinywa kikiwa kimefungwa. Daktari anasema tusubiri bado. Mama yetu ameendelea kuja kumjulia hali, na sasa yeye ndiye anayechemsha maji ya chupa.

Tuombe: Baba, wewe uwaokoaye wanadamu na wanyama, mpe kijana huyu uvumilivu, mpe daktari akili, umpe mzee wetu usingizi usiku huu. Tufundishe kuuliza kabla ya kutoa. Katika jina la Yesu, amina.