Asilimia ya kwenye pakiti haitoshi: kupima uchungu wa hopsi Dodoma

Hopsi, maua yanayotia bia uchungu, haistawi kwetu. Tuko kama nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na siku zetu fupi huufanya mmea utoe maua ungali mdogo, mavuno yakawa haba. Kinachotufikia ni vidonge vilivyogandamizwa, vikishapita melini, bandarini na kwenye lori juani. Asilimia ya asidi za alfa, zile zinazoleta uchungu, kwenye pakiti ni ya siku ilipopimwa huko ilikotoka. Anayepika bia apime upya.

Saga vidonge, pima gramu 5, tia toluini, kiyeyushi, mililita 100 na utikise dakika 30 ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Machicha yakitulia, chukua mililita 5 za juu, jaza methanoli hadi 100. Kutoka hapo chukua 5 nyingine, jaza hadi 100 kwa methanoli yenye kostiki: mililita 0.2 za sodiamu haidroksaidi yenye ukolezi wa 6 N kwa kila mililita 100. Sasa usizubae, maana kwenye kostiki na mwanga alfa huharibika upesi. Soma papo hapo kwa spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaonyonywa, kwenye nanomita 275, 325 na 355.

Wengi huharibu kwenye 275. Kuveti, kichupa cha kusomea, ya kioo cha kawaida haipitishi mwanga huo; tumia ya kwatzi. Toluini nayo hunyonya hapo, kwa hiyo blanki, yaani kimiminika cha kulinganishia kisicho na hopsi, iwe na toluini iliyopitia hatua zilezile. Ukiweka methanoli tupu, A275 (mwanga ulionyonywa kwenye 275) hupanda, alfa hushuka, na hopsi nzima huonekana imechakaa. Mchana wa joto funika chupa kila wakati: toluini ikipaa, mchujo hukolea na alfa huongezeka kwa uongo.

Alfa (%) = 0.8 × (73.79 × A325 − 51.56 × A355 − 19.07 × A275)

Hiyo 0.8 inatokana na uzimuaji huu. Ukibadilisha ujazo, nayo hubadilika.

Chukulia umesoma 0.190 kwenye 275, 0.690 kwenye 325 na 0.670 kwenye 355. Alfa ni 10.2. Kisha, kujua uchakavu, gawa 0.190 kwa 0.690, upate 0.28: hopsi bado nzima. Ikipita 0.40, joto limeshaila. Iliyobaki iweke kwenye friza, pakiti ikiwa imefungwa bila hewa.

Kama pakiti ilisema 12, mahali pa gramu 100 weka 118.