Risiva ya zamani kutoka Japani

Risiva (redio na amplifaya katika kifaa kimoja) ya kampuni ya Sansui ya miaka ya 1970 niliyoonyeshwa Kariakoo ina uso wa alumini unaovutia, lakini kabla ya kuzungumzia bei niliigeuza nyuma nisome kiwango cha umeme. Imeandikwa volti 100, yaani ilitengenezwa kwa soko la Japani, na ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 itaungua. Tena FM yake inaishia megahezi 90, hivyo stesheni nyingi za Dar es Salaam, ambazo ziko juu ya hapo, haitazinasa. Muuzaji alipoiwasha kwa transfoma yake ya kushusha umeme, pande zote mbili, kushoto na kulia, zilitoa sauti sawasawa, na mkwaruzo wa kitufe cha sauti (uchafu tu, kwa kawaida) husafishika. Nimemwambia nitaichukua kwa nusu ya bei, kama amplifaya, si kama redio.