Siku yangu moja dukani: manukato ya Paris kwenye joto la Mombasa

Saa mbili asubuhi. Nafungua duka Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Kwa kawaida kazi ya kwanza ni chetezo na udi, lakini leo makaa hayawashwi. Mama mmoja anayeoza bintiye ameniachia sampuli nne za mkusanyo mpya wa manukato wa nyumba ya mitindo ya Paris, anataka nimchagulie itakayomfaa bibi harusi. Pua ikishalewa udi haihukumu tena.

Saa tatu. Tone kwenye kila kifundo cha mkono, na tone ndani ya kila kiwiko. Sisugui, naacha spiriti iruke yenyewe. Kwenye karatasi za kunusia, zote nne zanukia vizuri, ila karatasi haitoki jasho.

Saa nne na nusu. Ya kwanza, ya ndimu na maua ya mchungwa, imeshapotea. Ni kaskazi, na joto hufukuza kwanza harufu nyepesi. Ya pili ni tamu kupita kiasi. Ya tatu imenishika: asmini na langilangi. Mafuta ya langilangi hutoka kwa wingi Komoro, jirani zetu, nayo yamo hata katika Chanel No. 5, marashi aliyoyatunga Ernest Beaux mwaka 1921. Yaniuma kuona kasha limeandikwa Paris tu, na mchuma maua wa Anjouan, kisiwa cha Komoro, hatajwi popote.

Ya nne ni udi. Nyumba za mitindo zilichelewa kuufikia: Yves Saint Laurent walitoa M7 mwaka 2002, Tom Ford akaja na Oud Wood mwaka 2007, ilhali huku pwani bibi zetu walikuwa wakifukiza nguo za harusi zamani. Udi wa kweli ni utomvu wa mti wa Aquilaria wa Asia, ambao mti hutoa ukishaingiliwa na ukungu. Ni ghali, ndiyo maana manukato mengi ya chupa hutumia wa maabara. Huu nao nauona ni wa maabara: safi, mkavu, hauna uzito wa moshi. Aliyelelewa na chetezo atautambua papo hapo.

Saa sita na nusu. Sala, chakula.

Saa nane. Kijana ataka miski robo tola. Nampimia mililita tatu.

Saa kumi. Mama amerejea.

"Asalaam alaykum, mwanangu. Haya, nambie."

"Waalaykum salaam, mama. Nusa hapa mwenyewe." Ya tatu ingalipo kiwikoni, laini, imeshika ngozi. "Chukua hii. Bibi harusi ajipake mafuta ya haludi kwanza nyuma ya masikio, kisha apulize hii juu. Asiipulize kwenye hariri, itaacha doa."

"Na hiyo ya udi?"

"Hiyo usiitolee pesa, mama. Nguo nitamfukizia mimi, kwa udi wa vipande."

Amekubali, ameacha arbuni ya chupa moja. Kabla ya magharibi nimeshaiagiza, na haludi yake nimeiweka kando, tola nzima.